Mkono na Mgongo Kuuma Baada ya Kiharusi: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Mgonjwa wa kiharusi anapoanza kulalamika kwamba mkono uliopooza unamuuma, nyumbani habari hiyo mara nyingi hupokelewa kwa furaha. "Mishipa inafunguka," husema wanaokuja kumjulia hali, na anayemkanda huongeza nguvu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Ujiji, mkoani Kigoma, baba yangu mdogo alipokuwa katika wiki ya tano tangu apooze upande wa kulia. Tulimshukuru Mungu kwa maumivu ambayo, kama ningalijua ninayoyajua sasa, yangalinipeleka kumtafuta mtu wa mazoezi siku hiyo hiyo. Maumivu hayo si dalili kwamba mkono unaamka. Mkono unaweza kurudi bila kuuma hata siku moja, na unaweza kuuma kwa miezi bila kurudi. Karibu kila mara kuna kitu kinachouumiza, na mara nyingi kitu hicho kimo humo humo nyumbani: namna mgonjwa anavyoinuliwa, anavyolazwa, anavyokandwa, au kidonge anachomeza.

Yafuatayo nimeyapanga kwa dalili, si kwa majina ya magonjwa, kwa sababu mgonjwa hataji ugonjwa. Husema hapa panachoma, hapa pamekaza, hapa ukinigusa nitapiga kelele. Mimi si daktari. Ni mtu aliyemuuguza mzee wake kwa miaka miwili, akauliza kila alipopata wa kumuuliza, kisha akajikuta anaitwa na majirani wenye wagonjwa wa namna hiyo.

Maumivu yasiyongoja

Yako maumivu ya mkono au mgongo ambayo hayachunguzwi nyumbani. Aliyepata kiharusi mara nyingi ana mishipa ya damu iliyoharibika mwili mzima, si kichwani tu. Kwa hiyo maumivu yanayobana kifua na kushuka mkononi, hasa wa kushoto, au kupanda tayani, au kukaa katikati ya makombe ya mabega pamoja na jasho la baridi na kuishiwa pumzi, yahesabiwe kuwa ni ya moyo mpaka hospitali iseme vinginevyo. Maumivu ya mgongo yanayoanza ghafla, makali kana kwamba kitu kimechanika, ni ya hatari vilevile kwa mtu mwenye presha, maana huenda ukuta wa mshipa mkuu wa damu ndio unaochanika. Udhaifu mpya, mdomo kwenda upande au maneno kupotea ghafla ni dalili za kiharusi kingine. Mguu au mkono mmoja unaovimba ghafla, ukawa na joto na kuuma, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani yake, na hapo kukanda kumekatazwa kabisa. Na kiuno kikiuma pamoja na ganzi katikati ya mapaja, au mkojo ukianza kuziba au kutoka wenyewe kwa namna isiyokuwapo jana, uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa. Katika yote haya safari ianze mara moja, na kwa walio vijiji vya mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika kama Kalya, ambako kufika Kigoma mjini ni safari ndefu, uamuzi wa kuondoka ufanywe mapema kuliko unavyofanywa na mtu wa mitaa ya mjini kama Mwanga au Gungu.

Daftari la siku tatu

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, hatua ya kwanza haigharimu zaidi ya bei ya daftari. Kwa siku tatu andika saa maumivu yanapoanza, mahali mgonjwa anapopaonyesha, na kilichofanyika nusu saa kabla yake. Angalia pia anavyoonyesha. Anayeweka kidole kimoja mahali pamoja huwa anaonyesha kiungo au kano. Anayepitisha kiganja kizima kuanzia bega mpaka vidoleni, au kuanzia shavuni mpaka mguuni, mara nyingi anaonyesha maumivu ya mishipa ya fahamu au ya ubongo wenyewe. Mgonjwa aliyepoteza usemi aangaliwe usoni: kukunja kipaji, kuzuia pumzi, kuusogeza mwili mbali na mkono unaomfuata. Hayo nayo yaandikwe.

Kabla ya daftari sisi tulikuwa tukisema baba mdogo anaumwa "muda wote", na yeye mwenyewe alikubali. Siku ya Alhamisi niliandika: saa mbili asubuhi, baada ya kuoga. Ijumaa: saa mbili asubuhi, baada ya kuoga, saa saba na nusu mchana, baada ya kurudi msikitini. Jumamosi: saa mbili asubuhi, baada ya kuoga. Usiku, hakuna. Alipokuwa amelala hakuumwa, na alipokaa kibarazani mkono ukiwa juu ya mto hakuumwa. Aliumwa baada ya kushikwa. Kurasa mbili za daftari zilinieleza kitu ambacho wiki nzima ya kuuliza "unajisikiaje leo?" haikunieleza.

Bega linalouma mkono ukiinuliwa

Hiki ndicho chanzo kinachoongoza, na hujitokeza zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda. Kiungo cha bega hakikuumbwa kama cha nyonga, ambacho kimezama ndani ya kikombe kirefu. Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kwenye kisahani kifupi, mfano wa chungwa juu ya kisosi, na kinachokizuia kisiporomoke ni misuli inayokizunguka. Kiharusi kikiilegeza misuli hiyo, mkono wenye uzito wa kilo kadhaa unaning'inia kwenye ngozi, kano na mfuko wa kiungo, saa zote ambazo mgonjwa ameketi au amesimama bila kuegemezwa. Ukimnyanyua kwa kumshika kwapani, au ukimvuta kwa kiganja ili ainuke, unaongeza uzito wa mwili mzima juu ya kiungo ambacho hakina mlinzi.

Kupima ni rahisi. Mkalishe mgonjwa, mkono uning'inie kwa muda mfupi tu, kisha weka kidole cha shahada juu ya ncha ya mfupa wa bega na ukiteremshe upande wa nje. Kwa bega zima utahisi nyama na mfupa vinafuatana bila mwanya. Kwa bega lililoshuka kidole kitazama kwenye kishimo chenye upana wa kidole kimoja, wakati mwingine viwili. Linganisha na bega la upande wa pili, kwa sababu watu wembamba wanaweza kukudanganya. Kishimo chenyewe si lazima kiume, na wako wanaokuwa nacho bila maumivu yoyote, lakini kinakuonya kwamba bega hilo halipaswi kuvutwa na mtu yeyote kwa sababu yoyote.

Ijumaa ile ya daftari nilisimama pembeni nikatazama. Vijana wawili wa jirani, wenye nia njema kabisa, walikuja kumpandisha mzee kwenye bajaji. Mmoja alishika kwapa la kulia, mwingine la kushoto, wakahesabu moja, mbili, tatu. Bega la kulia lilipanda mpaka karibu na sikio huku mwili ukibaki chini, na uso wa baba mdogo ukakunjamana kabla miguu yake haijaondoka ardhini. Bajaji ilipoanza kwenda aliniegemea akasema polepole, "Mwanangu, hapo ndipo." Sikuwa na la kumjibu, maana kila asubuhi nilimwinua vivyo hivyo kutoka kwenye ndoo ya kuogea.

Namna ya kumwinua ni hii. Miguu yake yote miwili ikanyage chini sawasawa, matako yasogee mbele mpaka ukingoni mwa kiti, goti lako lizuie goti lake dhaifu lisikunjike, kisha ainamishe kifua mbele mpaka pua ipite usawa wa magoti, ndipo asimame. Wewe unamshika kiunoni, kwenye mkanda au kanga iliyofungwa vizuri, au unaweka kiganja nyuma, juu ya kombe la bega. Kwapani hupashiki, na kiganja chake hukivuti. Kwenye choo cha kuchuchumaa hakuna namna salama ya kumtoa mtu aliyepooza, kwa hiyo kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, ambacho fundi yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza, kinastahili gharama yake kuliko dawa za kuchua za mwezi mzima.

Mavazi nayo yana utaratibu ambao watu wengi hawaambiwi. Mkono uliopooza huingia kwanza kwenye shati au kanzu na hutoka mwisho. Ukifanya kinyume utajikuta unaupindisha nyuma ili ufikie mkono wa nguo, na hapo ndipo bega linapochanika kidogokidogo kila asubuhi. Anapoketi, mkono ulazwe juu ya mto mapajani au juu ya meza, kiwiko kikiwa kimeegemezwa, usiachwe ukining'inia pembeni mwa kiti cha plastiki. Akilala chali, mto mwembamba uwekwe chini ya kombe la bega na mkono pamoja, na akilalia upande uliopooza, bega livutwe mbele taratibu ili asiulalie mkono wenyewe. Ageuzwe kila baada ya saa mbili au karibu na hapo. Kanga iliyokunjwa pembe tatu na kufungwa shingoni inafaa anaposimama na kutembea, basi. Ikishinda shingoni kutwa nzima, mkono hujizoeza kukunjika kifuani, na utakuwa umetibu tatizo moja kwa kuzaa jingine.

Tatizo hilo jingine ni bega kuganda. Ili kulipima, mbanie kiwiko ubavuni, ukunje mkono kama anayeshika sahani, kisha upeleke kiganja nje taratibu. Ukikwama mapema ukilinganisha na upande mzima, na mgonjwa akaumia mwisho wa mwendo, mfuko wa kiungo umeanza kukaza. Hapa dawa ni mwendo mdogo wa mara kwa mara, usiovuka usawa wa bega mpaka mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe jinsi ya kulisogeza kombe la bega pamoja na mkono. Kamba inayopitishwa juu ya boriti ili mkono usiopooza uuvute uliopooza kwenda juu inapendwa sana. Nimeiona Tabora ikining'inia kwenye tawi la mwembe, mgonjwa akiivuta mara hamsini asubuhi na mara hamsini jioni kwa bidii ya kusifiwa. Kwa bega lililolegea zoezi hilo linadhuru, kwa sababu mfupa wa mkono unapanda juu wakati kombe la bega halijageuka kuupisha, na kano zinabanwa katikati. Kamba iondolewe.

Mkono unaokaza siku baada ya siku

Baada ya wiki kadhaa mkono uliokuwa mlegevu unaweza kugeuka mgumu: kiwiko kinakunjika, kiganja kinafumba, vidole vinachimba kiganja. Kukaza huku kunaletwa na ubongo kupoteza uwezo wa kuizuia misuli, na maumivu yake huwa ya kubana, mabaya zaidi asubuhi na wakati wa baridi. Kunyoosha polepole na kushikilia kwa muda kunasaidia. Kunyoosha kwa kushtua kunazidisha. Mpira wa kufinya, ambao kila mgeni anashauri, mimi siupendi kwa mkono ambao tayari umefumba ngumi, kwa kuwa kinachokosekana hapo ni kufungua, si kufunga.

Jambo ambalo linafaa kukumbukwa ni kwamba mkono uliokuwa umetulia ukianza ghafla kukaza zaidi, chanzo kinaweza kuwa mbali kabisa na mkono. Choo kigumu cha siku nne, maambukizi ya njia ya mkojo, kucha ya mguuni iliyoingia ndani ya nyama, kidonda kinachoanza matakoni: mwili usiohisi vizuri hutoa taarifa zake kwa kukaza misuli. Mvue nguo umtazame kuanzia kisogoni mpaka kisiginoni kabla ya kuulaumu mkono.

Mkono unaouma baada ya kukandwa

Katika nyumba nyingi za Kigoma kukanda ndiyo tiba ya kwanza, kwa maji ya moto na mafuta ya mawese, na sina ugomvi na mawese. Ugomvi wangu ni na maji. Mkono uliokufa ganzi hausemi "yamezidi". Kwetu ulikuwa mwezi wa pili. Taulo lilichovywa kwenye sufuria, likakamuliwa, likawekwa juu ya mkono, na baba mdogo akasema joto ni zuri. Jioni, wakati wa kumbadilisha shati, tulikuta malengelenge matatu yamejipanga chini ya kiwiko, moja limepasuka tayari na kushikana na kitambaa. Yeye hakuwa na habari. Kesho yake bega lilimkaza na akasema mkono wote unamuuma, na isingekuwa malengelenge tungesema tena kwamba mishipa inafunguka.

Maji yapimwe kwa kiwiko cha anayekanda, au kwa mkono mzima wa mgonjwa, kamwe si kwa ule uliopooza. Kuchua kuwe kwa kupitisha kiganja, si kwa kuchimba kwa vidole gumba, na kuanzie vidoleni kuelekea begani. Kuchanjwa na kupigwa chuku kuachwe kabisa kwa mtu anayemeza aspirini au klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, kwa sababu damu yake haikati haraka, na michubuko mikubwa ndani ya misuli huuma kwa wiki nyingi.

Kiganja kimevimba, kinang'aa, hakitaki kuguswa

Uvimbe unaopungua mkono ukiinuliwa juu ya mito kwa usiku mmoja unatokana na mkono kuning'inia bila kufanya kazi, na tiba yake ni hiyo mito. Uvimbe mwingine si wa hivyo. Mgongo wa kiganja unajaa mpaka mikunjo ya ngozi inapotea, ngozi inang'aa na kubadilika rangi, mara ya moto mara ya baridi kuliko mkono wa pili, na maumivu hayalingani na kinachoyasababisha: shuka likipita juu yake mgonjwa anaruka. Bega huuma pamoja nacho, lakini kiwiko mara nyingi kinasalimika. Hali hii hutokana na mishipa ya fahamu ya mkono kupokea na kutuma taarifa kwa vurugu, na ikiachwa vidole huweza kukakamaa moja kwa moja. Mgonjwa apelekwe kwa daktari mapema, ndani ya siku na si miezi, na mkono usifungwe wala kufichwa, bali uendelee kusogezwa na kuguswa kwa kadiri anavyovumilia. Dripu na kipimo cha presha, inapowezekana, viende kwenye mkono usiopooza. Hakuna ubaya kumkumbusha muuguzi kwa adabu.

Maumivu ya moto yasiyo na mahali

Kuna mgonjwa ambaye bega lake liko sawa, mkono haujavimba, anainuliwa vizuri, na bado anasema upande mzima unawaka, au unaganda kwa baridi kama umetiwa kwenye barafu, au unatembewa na siafu. Upepo wa feni humuuma. Maji ya baridi anayasikia kama moto. Huyu hadanganyi, wala hajarogwa, ingawa nimesikia yote mawili yakisemwa mbele yake. Kiharusi kinapogusa njia za ubongo zinazopokea hisia, hasa sehemu ya ndani iitwayo thalamasi, ubongo unaweza kuzalisha maumivu ambayo hayatoki mkononi kabisa. Madaktari wawili wa Ufaransa, Dejerine na Roussy, waliyaeleza mwaka 1906. Huanza wiki au miezi kadhaa baada ya kiharusi, wakati ambapo watu wamekwisha kuacha kuyahusisha na kiharusi chenyewe.

Vidonge vya kawaida vya maumivu havifanyi kazi kubwa hapa, na hilo lenyewe ni kipimo: aliyemeza parasetamoli wiki nzima kwa kipimo sahihi bila nafuu hata kidogo, naye anaeleza moto au barafu, amwone daktari na atumie maneno hayo hayo. Dawa zinazotumika ni za kundi jingine, kama amitriptilini au gabapentini, ambazo huanzwa kwa dozi ndogo na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Huleta usingizi, na amitriptilini hukausha kinywa na inaweza kuzuia mkojo wa wazee wa kiume, kwa hiyo si dawa za kuazimana na jirani.

Mkono usiopooza ndio unaouma

Hili husahauliwa. Mkono usiopooza hufanya kazi ya mikono miwili na nusu ya kazi ya miguu: ndio unaoshika fimbo, unaovuta ukingo wa kitanda, unaojisukuma kutoka kwenye kiti. Baba mdogo alikuwa mshona nyavu pale Kibirizi, na mwezi wa nne alirudia kazi hiyo kwa mkono wa kushoto peke yake, wavu akiubana kwa kidole gumba cha mguu. Nyumba nzima ilishangilia, nami sikuthubutu kumkataza. Wiki tatu baadaye kifundo cha mkono wa kushoto kilivimba na vidole vitatu vikawa vinakufa ganzi usiku, dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo. Tulichofanya ni kumwekea muda: nusu saa ya wavu, kisha mapumziko, na usiku kifundo kifungwe kipande cha ubao mwepesi kikiwa kimenyooka.

Fimbo ipimwe. Mgonjwa akisimama na mkono umelegea ubavuni, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, ili kiwiko kipinde kidogo tu anapoegemea. Fimbo ndefu hupandisha bega mpaka shingo iume. Fupi huinamisha mgongo. Zote mbili nimezikuta zikitumiwa kwa sababu tu zilikuwa za marehemu babu.

Mgongo na kiuno

Kwanza kitanda. Kitanda cha kamba kilicholegea katikati, au godoro la sponji lililobonyea, humfanya mgonjwa asiyeweza kujigeuza alale kama ndizi usiku kucha. Kama mgongo huuma zaidi alfajiri na kupungua akishaketi, kaza kamba au tandika mbao chini ya godoro, kisha subiri siku nne tano kabla ya kufikiri jambo jingine. Pili kukaa. Misuli ya kiwiliwili nayo hupooza nusu, kwa hiyo mgonjwa huelemea upande mmoja bila kujua, na akishinda hivyo kibarazani kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri kiuno cha upande wa pili ndicho kinachobeba. Taulo lililokunjwa na kuwekwa chini ya tako la upande anaoelemea, mkono ukiwa umeegemezwa na miguu ikigusa chini, hubadilisha mengi. Baba mdogo na wavu wake alikuwa akikaa mkekani ameinama kushoto, na kiuno chake kilipona tulipomhamishia kwenye kiti na wavu tukautundika kwenye nguzo.

Tatu kutembea. Anayevuta mguu kwa kunyanyua nyonga kila hatua atachoka kiuno upande huo, na maumivu yatakuja jioni ya siku aliyotembea zaidi. Hapa asilaumiwe kwa uvivu. Anahitaji mtaalamu amtazame mguu, pengine apate kifaa cha kushika kifundo cha mguu ili unyayo usiburute. Hospitali za rufaa za mikoa, Maweni kwa watu wa Kigoma na Kitete kwa watu wa Tabora, ndizo za kuanzia kuulizia huduma za fiziotherapia, na nenda na daftari lako.

Kuna maumivu ya mgongo yasiyo ya misuli. Ubavu mmoja unaouma chini ya mbavu pamoja na homa na mkojo unaochoma, zaidi kwa aliyewekewa mpira wa mkojo, ni figo. Mfupa wa juu kidogo ya matako unaouma akilala chali, na ngozi yake ikiwa nyekundu au nyeusi zaidi na isiyofifia rangi ukiibonyeza, ni kidonda cha mgandamizo kinachoanza. Pingili moja ya uti inayouma ukiigonga, pamoja na kukonda, jasho la usiku au kikohozi cha muda mrefu, ipimwe kifua kikuu cha mifupa. Na aliyeanguka wiki mbili zilizopita bila kumwambia mtu, kama wazee wetu wanavyofanya, apigwe picha.

Pande zote mbili kwa pamoja

Kiharusi kwa kawaida ni cha upande mmoja. Mabega yote mawili na mapaja yote mawili yakiuma sawasawa, tazama kwingine. Kama ameanzishiwa dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, mfano atorvastatini au simvastatini, katika wiki au miezi ya karibuni, dawa hizo huweza kuumiza misuli kwa baadhi ya watu, hasa zikikutana na dawa nyingine kama klarithromaisini, ambayo ni dawa ya kuua bakteria. Asiiache mwenyewe, kwa sababu inamkinga na kiharusi cha pili. Amweleze daktari, ambaye anaweza kupunguza dozi au kubadilisha. Lakini mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi na misuli ikiwa dhaifu, aende siku hiyo hiyo. Kama kuna homa, Kigoma na Tabora ni mikoa yenye malaria nyingi, na mwili kuuma wote ni dalili yake ya kawaida. Kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika chache, na kuanza dawa ya mseto bila kupima kunaweza kuficha ugonjwa mwingine.

Pia kuna huzuni. Takriban theluthi ya watu waliopata kiharusi hupatwa na sonona, na maumivu madogo kwa mtu asiyelala na asiyetaka chakula huwa makubwa. Hilo nalo lisemwe hospitalini, kwa kuwa lina tiba.

Dukani

Parasetamoli ndiyo ya kuanzia: vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa saa 24 kwa mtu mzima, na pungufu ya hapo kwa mwembamba sana au mwenye ini bovu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mwenye duka huzitoa haraka kwa yeyote anayeshika mgongo, huweza kupandisha presha, huongeza hatari ya kiharusi na ya moyo, na zikichanganywa na aspirini huweza kuvujisha damu tumboni. Sindano yake ya "kukata maumivu" haina tofauti. Vidonge vya rangirangi vinavyofungwa pamoja kwenye kipande cha karatasi visinunuliwe hata kama jirani alipona navyo siku moja, kwa sababu haijulikani kilichomo, na huweza kuwa na prednisoloni, ambayo hupandisha presha na sukari. Kabla muuzaji hajanyoosha mkono kwenye rafu, mwambie mambo matatu: kwamba mgonjwa aliwahi kupata kiharusi, presha yake ilikuwa ngapi mara ya mwisho kupimwa, na majina ya vidonge vyote anavyomeza sasa, ukiwa na maboksi yake mkononi.